Pamba ya Mwezi wa Kwanza

"Nani anachambua pamba humo ndani?"

Bi Asumini aliuliza kutoka upande wake wa ukuta, dukani kwake, katikati ya majora ya vitenge, na hakuna aliyemjibu. Esteria alikuwa amevaa hedifoni. Mabula, mwenye studio, alikuwa mlangoni akibishana na mtu kwenye simu. Na swali lenyewe, ukilipima, halikuwa na miguu ya kusimamia. Ulikuwa mwezi wa kwanza, na mwezi wa kwanza pamba ya Simiyu nzima ni miche ya kufika gotini inayosubiri palizi. Hakuna kitumba kilichopasuka kuanzia Bariadi mpaka Maswa. Bi Asumini alisubiri kidogo, akasonya, akarudi kupima kitambaa cha mteja.

Studio ilikuwa chumba cha nyuma cha jengo hilo hilo, hakina dirisha, kuta zimefunikwa trei za mayai na magodoro ya zamani ili zimeze mwangwi. Meza moja, laptop moja, kadi ya sauti yenye taa nyekundu, spika mbili, na maikrofoni iliyosimama mbele ya kiti cha mbao. Siku hiyo Esteria alikuwa anasawazisha nyimbo za kwaya. Alibonyeza kucheza. Sauti ya kwanza ikaingia vizuri, ya pili ikaingia, kisha katikati ya waimbaji kikapita kitu.

Tk. Tk-tk. Tk.

Akasimamisha, akarudisha nyuma, akacheza tena. Tk-tk.

Kila fundi sauti anaujua ugonjwa huo. Kompyuta inachota sauti kidogo kidogo, inaijaza kwenye kibaba kinachoitwa bafa, ndipo inaimwaga kwenye spika. Kibaba kikiwa kidogo na kompyuta ikiwa imechoka, sauti inatatarika kama mafuta yaliyodondokewa na maji. Dawa yake haina uganga wowote. Esteria alipandisha bafa kutoka 128 hadi 256, akaenda 512, akafika 1024. Ikatatarika. Akafunga programu zote nyingine, akazima intaneti, akaondoa mpangilio wa kubana umeme, akahakikisha wimbo na kadi ya sauti vinakwenda kasi moja, akafuta draiva na kuiweka upya, akabadilisha waya. Ikatatarika vilevile. Mwisho akautoa wimbo kama faili, akautuma kwenye simu yake, akausikiliza huko. Safi kama maji ya mtungi.

Hapo akapumua. Wimbo ukiwa safi kwenye simu, basi ugonjwa haumo kwenye wimbo, umo kwenye mashine. Na mashine hutengenezwa.

"Mashine haina kosa," Mabula alisema baada ya kuingia na kuelezwa yote. "Wale vijana waliokaa hapo kabla yako hawakuwahi kuniletea habari za kutatarika."

"Wale vijana waliondoka na maiki zako mbili, bosi."

"Nakuuliza sauti, unanijibu wizi."

"Nimekujibu sauti nusu saa nzima. Hukupenda jibu."

Ndivyo walivyozoeana. Esteria alikuwa na miaka ishirini na minne, na kiti kile hakupewa, alikinyakua. Mwaka mzima alifagia na kuchemsha chai wakati vijana watatu wakipokezana mbele ya laptop, wote wakiitwa prodyuza tangu siku ya kwanza, yeye akiitwa "yule dada". Mpaka siku alipopita na beseni la vikombe akasema gita limeshuka, wakacheka, wakapima, likawa limeshuka. Hakuwa na cheti. Hakuwa na shamba. Ng'ombe wa kwao walikwenda kwenye mahari za kaka zake. Alikuwa na masikio mawili, na hayo ndiyo yaliyomlisha.

Siku ya tatu wimbo ulitatarika kwenye simu pia. Faili lile lile ambalo juzi lilikuwa safi, halijaguswa na mtu.

Esteria alikaa nalo. Akalifungua kwenye programu, akaikuza picha ya mawimbi mpaka sekunde moja ikajaza skrini nzima, akacheza polepole. Pale sikio liliposikia tk, mstari ulikuwa umelala. Hapakuwa na kitu. Akacheza tena, akiwa ameinama karibu na skrini, na ndipo harufu ikamfikia: dawa ya kupulizia pamba, ile inayoganda kwenye nguo za mpulizaji hata zikifuliwa mara tatu, imechanganyika na vumbi lililopigwa na jua. Chumba hakina dirisha. Nje kulikuwa kumenyesha tangu asubuhi.

Alinyoosha mkono achomoe hedifoni. Mkono ukakuta waya unaning'inia. Ulikuwa haujachomekwa.

Tk-tk, hedifoni zilisema masikioni mwake. Tk.

Akazivua, akaziweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka chini sufuria ya moto. Sauti ikaendelea pale mezani, ndogo, haina haraka. Na sasa alipoisikiliza bila kutafuta kosa, alisikia jambo ambalo lilimfanya asogeze kiti nyuma. Mashine ikikwama haina pumzi, inakwama tu. Hii ilikuwa na pumzi. Ilivuta, ikavuta, ikapumzika, kisha kitu chepesi kikatua mahali, ndipo ikaanza tena.

Bi Asumini aliingia bila kubisha hodi, futi ya kupimia vitambaa ikiwa shingoni.

"Mwanangu, nauliza tangu juzi mnanikaushia. Pamba mnaichambulia nini humu?"

"Pamba gani ma'mdogo? Mwezi wa kwanza huu."

"Usinifundishe miezi. Nimeolewa Bariadi mwaka wa kumi na tisa, nimechambua pamba ya wakwe mpaka kucha zikanyofoka." Akainua mikono yake miwili hewani. "Huu unashika ganda, huu unavuta. Ikitoka kwa hiari inalia mara moja. Ikigoma inalia mara mbili. Kisha unairusha kwenye shuka. Inatua fu."

Kutoka mezani, kwenye hedifoni zisizochomekwa popote, likaja jibu. Tk-tk. Fu.

Bi Asumini hakupiga kelele. Alikuwa mwalimu wa wasichana madrasani, na kelele alikuwa ameziacha kwao Tanga. Aliteremsha mikono, akafunga ushungi vizuri, akaanza kusoma aya kwa sauti ya chini, na jinsi alivyosoma ndivyo ile sauti ilivyopungua, ikawa nyembamba, ikawa kama iko nyuma ya ukuta, na Esteria alikuwa ameanza kushukuru pale Bi Asumini aliponyamaza ili avute pumzi, na ndani ya ukimya ule mtu mwingine naye akavuta pumzi.

Bi Asumini hakuendelea.

"Huyu simfukuzi mimi," alinong'ona. "Jini nikimsomea hukasirika, hutukana, huniambia nimwache na kiti chake, mtu aliyempanda. Huyu hana hasira, mwanangu. Huyu anangoja zamu yake. Mna nini naye?"

Esteria alitazama kiti cha mbao. Mikono ile alikuwa anaijua.

Nyamizi ng'wana Maige alikuja mwezi wa sita mwaka uliotangulia, kutoka Nkololo, amebeba fundo la kanga. Alikuwa mwimbaji wa mashambani. Watu walimwita awatangulie kwa nyimbo wakati wa kulima na wakati wa kuvuna, na walioimba naye walisema jembe lilikuwa jepesi. Alikaa kwenye kile kiti cha mbao, akafungua fundo mapajani. Lilikuwa limejaa vitumba vya pamba.

"Mikono yangu ikikaa bure sauti haitoki," alisema, kama mtu anayeomba radhi. Akaimba huku akichambua. Dakika tisa. Esteria alisahau kwamba yuko kazini.

Kisha akakumbuka. "Dada, hiyo pamba inaingia kwenye maiki. Iweke chini turudie."

Nyamizi aliiweka chini. Akaimba mara ya pili, mikono imelala mapajani kama ya mtu mwingine, na sauti ikatoka imekufa. Kwa hiyo walitumia ile ya kwanza. Esteria akaifundisha programu kuitambua sauti ya vidole vile, akaiamuru iifute kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ikafutika. Siku hiyo alijisifu.

Hilo ni moja. La pili ni zito zaidi. Usukumani mwimbaji haondoki ndani ya wimbo wake bila kujitaja. Nene fulani, mimi fulani, mtoto wa fulani, wa mahali fulani. Kisha anawasalimu watu wake mmoja mmoja. Hayo si mapambo, ndiyo sahihi yake. Nyamizi alijitaja mwishoni, akasalimu watu dakika mbili nzima, akicheka katikati. Mwezi uliofuata, akiwa anachuma pamba ya mwisho ya msimu, aliumwa na nyoka. Walimkuta ameketi kwenye tuta, mikono imejaa.

Mwezi wa tisa Mabula alisema wimbo ukatwe.

"Nani siku hizi anasubiri dakika tisa? Nipe tatu na nusu."

"Jina lake liko mwishoni, bosi."

"Marehemu anafanya nini na jina?"

Akaupa wimbo jina la kubuni, Binti Pamba, akamtafuta msichana wa Maswa mwenye sura ya kupendeza ili afumbue mdomo kwenye video. Esteria alibisha. Ukweli usemwe, alibisha vizuri. Alikuwa na hoja nne, zote nzito, na Mabula hakuweza kuijibu hata moja. Kisha akakata. Kidole kilichobonyeza kilikuwa chake.

Siku ya nne alimweleza Mabula kwamba anayechambua ni Nyamizi. Mabula akaenda kuleta mganga.

Ngeleja wa Nkoma alifika kwa pikipiki, kofia ngumu kichwani, kuku mweusi kwapani. Akaamuru betri itolewe kwenye laptop, laptop ifungwe kitambaa cheusi, spika zipakwe dawa. Muda wote huo chumba kilikuwa kimya. Hata lile jini, kama lilikuwa jini, lilikuwa na adabu ya kumwacha amalize.

"Mnaona?" alisema Ngeleja.

"Nani kamtuma, nfumu?" Mabula aliuliza.

Ngeleja alifumba macho. "Jirani. Mwanamke. Namwona katikati ya nguo."

"Lazima umwone," Esteria alidakia. "Umepita mlangoni kwake sasa hivi. Ungepita kwa muuza matairi ungemwona katikati ya matairi."

"Este!" Mabula alifoka.

"Hapana, bosi. Neno kama hilo likitoka nje ya mlango huu, nani atalirudisha? Mama wa watu yuko hapo nyuma ya ukuta anatusikia. Mzee, sema jina la aliyetumwa kwanza. Wa kutuma tutamtafuta baadaye."

Ngeleja alifumbua mdomo ajibu. Kutoka ndani ya kitambaa cheusi, kutoka kwenye laptop isiyo na betri wala umeme, ikasikika tk. Tk-tk. Fu.

Aliondoka bila kuvaa kofia. Kuku alimwacha.

Asubuhi iliyofuata Esteria aliamka nyumbani kwake, mbali na studio, na ile sauti ilikuwa ndani ya sikio lake la kulia.

Aliziba sikio, ikabaki. Akalala juu yake, ikabaki. Alikimbilia studio, akajipima mwenyewe jinsi alivyokuwa akipima spika, kwa kucheza milio myembamba inayopanda juu hatua kwa hatua. Sikio la kushoto liliifuata mpaka kileleni. La kulia liliishia njiani. Kesho yake liliishia chini zaidi. Daktari alimulika ndani akasema sikio ni zima, halina nta, halina usaha. Siku ya nne baada ya hapo, mtu akisimama kuliani kwake na kumwita, alichosikia ni uchambuaji tu, vidole vyepesi visivyochoka vikiondoa sauti za dunia moja moja, sauti ya jogoo, sauti ya mvua juu ya bati, herufi za mwisho za maneno ya watu, kama vile kichwa chake kilikuwa shamba na lilikuwa limefikiwa na wavunaji. Na Jumamosi, akiwa anasuka nywele, akasikia upande wa kushoto, mara moja tu: tk.

Akaacha nywele nusu. Akamwendea Mabula.

"Naitaka rekodi ya kwanza ya Nyamizi. Ile ya dakika tisa, kabla sijaisafisha."

"Nilifuta."

"Ulifuta?"

"Diski ilijaa. Este, mimi ningejuaje?"

"Ungeuliza," alisema Esteria. "Nipo hapa kila siku."

Kwa hiyo alikwenda Nkololo. Alimkuta Milembe, mama yake Nyamizi, akipalilia kando ya nyumba, na akasimama mbali kidogo, sikio la kushoto mbele, ili asikose atakachoambiwa.

"Mwadila, mayu," alimsalimu mama kwa Kisukuma.

"Mwadila. Wewe ndiye wa mashine."

Esteria hakuwa amejitambulisha. Alimweleza yote, la pamba na la jina, hakujitetea hata kidogo. Milembe alipalilia tuta zima akimsikiliza.

"Nimekuja kukuomba umwimbie lile jina," Esteria alimaliza. "Nirekodi, nilirudishe mahali pake. Sikio moja limekwisha kwenda, mayu. La pili likienda sina kazi, sina chochote."

"Mimi ni Milembe," mama alisema. "Nikisema nene Nyamizi, nitakuwa nani? Jina la mtu hulisema mwenyewe."

"Mwenyewe hayupo."

"Ungekuwa na hakika hiyo usingekuja." Akaegemea jembe. "Ulimnyang'anya nini kwanza?"

Esteria alitaka kusema jina. Ikamjia mikono iliyolala mapajani. "Pamba."

Milembe aliingia ndani, akakaa sana, akarudi na fundo la kanga iliyopauka. "Hii ndiyo waliyomkuta nayo. Sikuipeleka kupimwa pamoja na pamba nyingine." Hakuliachia fundo upesi. "Mpe kazi yake ya mikono, halafu mwache aseme. Akianza, mtu asimkatishe. Alipokuwa hai alikuwa hapendi kukatishwa. Sasa sijui."

Walifanya siku ya pili, saa saba mchana, jua likiwa utosini, saa ambayo Bi Asumini alisema si ya kuitia vitu lakini ndiyo saa aliyokuwa ameimba Nyamizi. Mabula alikataa kuiacha mashine yake na wanawake wawili, akakaa kwenye godoro karibu na meza. Bi Asumini alisimama mlangoni. Esteria aliweka fundo juu ya kiti cha mbao, akalifungua. Vitumba vilikuwa vimekauka, vyeusi, pamba imechungulia. Akavaa hedifoni, akabonyeza kurekodi, akakunja mikono. Kiti kilikuwa kitupu na maikrofoni ilikuwa mbele yake.

Dakika moja. Mbili. Mabula akacheka puani.

Harufu ya dawa ya pamba ikaingia. Kwenye skrini, mstari wa sauti uliokuwa umelala ukatikisika, ukalala, ukatikisika tena, na kwenye kiti, mbele ya macho yao watatu, katika mwanga wa taa nyeupe usioficha kitu, ganda la kitumba cha juu likafunguka polepole kama linavyofunguliwa na mtu anayejua kazi, pamba ikavutika, ikanyooka hewani, ikakata, ikatua sakafuni bila kishindo, kisha cha pili, kisha cha tatu, mbegu nyeusi zikadondoka moja moja na kubingirika hadi kwenye kiatu cha Mabula, ambaye sasa alikuwa hacheki, na chini ya mchambuo ule, kwa mbali kwanza kama mtu anayekuja kutoka upande wa pili wa shamba akiimba ili msishtuke, ikapanda sauti ya Nyamizi, nzima, haina kovu, ikaingia kwenye sikio la kushoto la Esteria na kumjaza hadi machozi yakamtoka.

Aliimba wimbo wote. Bi Asumini aliusikia bila hedifoni. Hata wateja waliokuwa barazani waliusikia, wakafikiri ni redio.

Kisha akajitaja.

"Nene Nyamizi," ilisema sauti, kwa Kisukuma, ikicheka kidogo kama ilivyocheka siku ile. "Nene ng'wana Maige, wa Nkololo, niliyezaliwa na Milembe. Namsalimu mama, amepalilia peke yake. Namsalimu mwanamke wa nyuma ya ukuta, aliyeuliza nani anachambua. Ni mimi. Wabeja, asante kwa kuuliza."

Bi Asumini alishika fremu ya mlango.

"Namsalimu Esteria, aliyesema weka chini pamba. Nimeichukua. Nimsalimu na mwenye nyumba ya nyimbo, aliyeketi juu ya godoro. Nimsalimu kwa jina, nimsalimu kwa jina la baba yake, niseme alichosema juu ya marehemu na jina, niseme na..."

"Zima," alisema Mabula.

"Usiguse!" Esteria aliinuka.

"Nimesema zima! Atasema nini huyo?" Akamsukuma begani upande wa kulia, upande ambao hakumsikia akija, akapiga kitufe kwa kiganja kizima.

Wimbo ukasimama. Dakika nane na sekunde kumi na mbili tangu uanze.

Mbegu moja ilikuwa bado inabingirika. Ikasimama. Mabula alitazama mkono wake, akatazama kiti, akaanza kusema neno, na katikati ya neno akaziba masikio yote mawili kwa nguvu, macho yakamtoka. Midomo yake iliendelea kwenda lakini sauti yake mwenyewe hakuwa anaisikia. Ilionekana usoni.

Hajasikia kitu mpaka leo. Yuko kwa kaka yake, amekaa barazani. Wanawe wakimwita hageuki. Mikono yake haina kitu, lakini haitulii, huu unashika, huu unavuta, na kila baada ya muda anairusha hewa upande wa kushoto kama kuna shuka limetandikwa hapo. Kaka yake aliwahi kuifunga kwa kitambaa. Vidole viliendelea ndani ya kitambaa.

Esteria sikio la kulia halikurudi. La kushoto lilisafika dakika ile ile, akasikia mpaka saa ya Bi Asumini ikigonga mkononi. Aliuweka wimbo hadharani kama ulivyo, pamoja na vidole, pamoja na jina, pamoja na mkato wa Mabula, akaandika mwimbaji ni Nyamizi ng'wana Maige. Ule wa Binti Pamba akauondoa.

Wiki mbili baadaye aliufungua, akaona una dakika nane na sekunde kumi na tisa. Akafikiri ni macho yake tu. Akapima picha ya mawimbi. Baada ya pale Mabula alipopiga kitufe kulikuwa na sekunde saba ambazo hakuna mtu aliyezirekodi, na ndani yake mtu alikuwa anasalimiwa kwa jina. Mwezi uliofuata zilikuwa nyingi zaidi. Nyamizi anaendelea. Bado hajamaliza kusalimu.

Na kuna jambo ambalo Esteria alimwambia Bi Asumini peke yake, kwa kunong'ona, ingawa mlango ulikuwa umefungwa. Kila mahali wimbo huo unapochezwa, Bariadi au kwingine, na mtu akauzima kabla haujaisha, kwa kuchoka au kwa haraka au kwa kutafuta mwingine, yeye Esteria anajua. Anasikia katika sikio la kushoto, hilo moja lililobaki, mara moja tu. Tk.

Wimbo upo, na leo una dakika nane na sekunde arobaini na nne. Ukiuanza, naomba uusikilize mpaka uishe.